Waya wa Kuulizana

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa binti yangu ametoa zoezi: kila mtoto aandike shajara mpaka mvua ziishe, na mzazi mmoja aandike yake ili mtoto asijione anaonewa. Baba yake yuko safarini hadi Juni, kwa hiyo mzazi mmoja ni mimi. Haya. Leo mvua imenyesha, nimekwenda kazini, nimerudi. Binti amechungulia ukurasa huu akasema, "Mama, huo ni uvivu." Itabidi niwe naificha.

Jumanne, 5 Machi

Mafundi rangi wameingia chumba cha mitambo pale hospitali. Mjomba amesimama mlangoni kutwa nzima akiwakemea, utadhani wanawapaka rangi wajukuu zake.

Kama mwalimu atasoma, ajue: mimi ni mkuu wa kitengo cha mtandao. Kitengo kina watu wawili, mimi na Mjomba. Ni mjomba wangu wa damu, kaka yake mama. Ndiye aliyenishikisha koleo nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kazi hii yote nimeipata mikononi mwake. Mwaka juzi walipotafuta mkuu walitaka mwenye cheti, na cheti ninacho mimi. Hakusema neno. Mpaka leo ananiita "wewe mtoto" mbele ya wakubwa, na mimi namwamkia shikamoo kabla ya kumtuma. Anastaafu tarehe thelathini na moja Mei.

Jumatano, 6 Machi

Mafundi rangi wamemaliza. Nimerudisha nyaya zote tulizozichomoa, peke yangu, Mjomba yuko kwa daktari wa meno. Kufikia saa nane taa zote kijani. Nikakimbilia mchezo wa shule wa binti. Alikuwa mti. Alisimama vizuri.

Alhamisi, 7 Machi

Mjomba amerudi, shavu limevimba kama ameficha andazi. Hawezi kuongea, nimepumzika. Nimemwomba ajaze kazi ya jana kwenye daftari la chumba cha mitambo, mimi nilisahau, na yeye ndiye mwenye kalamu inayoandika.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Binti ameniuliza kazi yangu hasa ni nini, mwalimu anataka aya moja. Nimemweleza hivi.

Pale chumbani kuna makabati mawili, moja la mlangoni, moja la dirishani. Kila kabati lina swichi kubwa, na mawasiliano yote ya hospitali yanapita humo. Tumeziunga kwa nyaya mbili nene zinazopita juu ya dari, zikawa kama swichi moja yenye anwani moja. Mmoja ni mkuu, mwingine ni msaidizi. Mkuu akifa, msaidizi anashika kazi na wagonjwa hawajui kama kuna kilichotokea.

"Na kama hajafa?" binti akauliza. "Kama nyaya zimekatika tu?"

Nilifurahi, maana hilo ndilo swali lenyewe. Nyaya nene zikikatika, msaidizi anadhani mkuu amekufa, anajitangaza mkuu. Kumbe yule wa kwanza mzima. Sasa wako wawili kwa anwani moja, kila mmoja anatoa amri.

"Kama mama wawili jikoni?"

"Kama mama wawili jikoni wasioonana, na kila mmoja anatia chumvi."

Ndiyo maana kuna waya wa tatu, mwembamba, wa buluu. Kazi yake ni moja tu: siku nyaya nene zikikatika, swichi iulize upande wa pili, kuna mkuu mwingine huko? Jibu likiwa ndiyo, mwenye namba ya chini anabaki, mwenzake anafunga matundu yake yote ya nyaya na kukaa kimya. Vitabu vina jina refu la waya huo. Mjomba anauita waya wa kuulizana, na sisi wote tumefuata.

Mjomba ana mtindo wake wa kuukagua. Haangalii taa. Mmoja anaushika kwenye tundu lake kabati la mlangoni, mwingine kwenye tundu lake la dirishani. Mmoja anasema, "Vuta!" Mwenzake anavuta, na wa kwanza akihisi anajibu, "Nimeusikia!" Ndipo anaandika daftarini. Mambo ya kizee hayo, taa zimewekwa kwa nini? Binti, ambaye humwita Babu, amecheka sana nilipomwigiza.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Nguo hazikauki. Nyumba nzima inanuka soksi.

Jumatano, 27 Machi

Leo nitaandika kila kitu kwa mpangilio.

Saa nne na dakika kumi asubuhi simu za hospitali zilikatika zote, zikarudi, zikakatika tena. Maabara wakalalamika kwamba kompyuta zao zinafungua kurasa nusu. Dirisha la dawa wakasema kwao shwari kabisa. Dakika mbili baadaye ikawa kinyume: maabara shwari, dawa wamepotea. Nilikimbia chumba cha mitambo nikakuta maji yanadondoka kutoka darini juu ya njia ya nyaya. Kitu cha kwanza nilichotazama ni taa ya waya wa kuulizana. Kijani. Nikashusha pumzi. Nikasema basi tatizo si swichi, ni seva, nikaanza kuhangaika na seva.

Mjomba aliingia, akatazama nyaya nene zilivyolowa, akasema papo hapo, "Hawa wamegawanyika."

"Haiwezekani, Mjomba. Taa ya waya wa kuulizana ni kijani, na hakuna swichi iliyonyamaza."

"Taa inakuambia waya una uhai. Haikuambii unaongea na nani. Mzime huyo wa dirishani."

"Na kama si yeye? Nizime nusu ya hospitali?"

"Wewe mtoto, zima."

"Mjomba, mkuu wa kitengo ni mimi."

Nimeiandika sentensi hiyo kwa sababu niliisema, tena mbele ya mafundi bomba wawili waliokuja na ndoo. Nikaendelea na seva kwa dakika ishirini na tano.

Aliyetuamsha ni mkunga wa wodi ya wazazi. Alisimama mlangoni anahema, viatu vyake vyeupe vina damu mpaka kwenye kamba.

"Nani amepokea?" akauliza.

"Amepokea nini, dada?"

"Nimeagiza damu chupa mbili, mzazi wangu wa kitanda cha nne anavuja. Kompyuta yenu imeniandikia imepokelewa. Nimengoja robo saa nzima. Simu hazishiki. Nimeshuka ngazi mwenyewe hadi maabara, wananiambia hawajaona kitu. Sasa nawauliza nyinyi. Nani amepokea?"

Hakuna aliyepokea. Mjomba alinipita bila kuniomba ruhusa, akafika kabati la dirishani, akachomoa umeme. Haikupita nusu dakika, simu zikaanza kulia ghorofa zote kwa pamoja. Mkunga alishageuka zamani, nasikia alibeba zile chupa mwenyewe kifuani.

Baadaye nilifungua kumbukumbu za swichi. Ya mlangoni imeandika: mkuu ni mimi, msaidizi hayupo. Ya dirishani imeandika: mkuu ni mimi, msaidizi hayupo. Dakika ileile, anwani ileile. Nilisoma mara tatu. Oda ya damu iliingia kwa mkuu mmoja na maabara walikuwa kwa mkuu mwingine.

Mtoto mzima. Mama yake amezinduka saa kumi na moja jioni. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma nikalia mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Alhamisi, 28 Machi

Sijui nicheke au nijipige kofi.

Nilitaka kujua kwa nini waya wa kuulizana haukuuliza. Taa kijani, mipangilio sawa, waya mzima. Mwisho nikapanda ngazi, nikaushika kwa mkono kuanzia kabati la mlangoni, nikaufuata sentimita kwa sentimita juu ya dari hadi kabati la dirishani. Unashuka vizuri, unafika kwenye swichi yetu, unaipita kwa nyuma, halafu unaingia kwenye kijisanduku kidogo cha chini, kile kinacholisha televisheni za wanaongoja kuonana na daktari.

Nilibaki nimeushika vilevile, nimeduwaa juu ya ngazi, mdomo wazi. Kijisanduku kina uhai, kwa hiyo taa inawaka kijani. Jana swichi yetu ilipouliza kama kuna mkuu mwingine huko, swali lilikwenda kwa televisheni. Na televisheni ilikuwa inaonyesha mapishi.

Nani amechomeka pale? Nikafungua daftari la chumba. Tarehe sita Machi: "Nyaya zote zimerudishwa baada ya rangi. Waya wa kuulizana umejaribiwa. Sawa." Mwandiko wa Mjomba. Sahihi ya Mjomba, na mkia wake.

Ijumaa, 29 Machi

Nakumbuka vizuri kabisa ile siku ya rangi. Mimi nilirudisha nyaya za kabati la mlangoni, yeye akamalizia za dirishani. Waya ule haruhusu mtu mwingine auguse. Na ndiye huyohuyo anayetuvutisha kamba kila mwezi kama watoto wa chekechea! Siku inayohitajika hasa, hakuvuta. Aliandika tu.

Nilimwita ofisini. Nikamgeuzia daftari.

"Mjomba, hii ni sahihi yako?"

Akavaa miwani. "Ni yangu."

"Basi."

Alinitazama mpaka nikaanza kupanga kalamu mezani.

"Una swali jingine?" akauliza.

"Sina."

"Haya," akasema, akatoka na kufunga mlango polepole. Hata kujitetea hakujitetea. Mtu asiye na kosa hanyamazi hivyo.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimempelekea Mkurugenzi wa hospitali taarifa. Ni mama mkavu, hasomi kitu mara mbili, lakini hii aliisoma mara mbili.

"Una hakika?" akaniuliza.

"Daftari lina hakika."

Mjomba amesimamishwa kazi kuanzia leo hadi kamati ikae tarehe ishirini Mei. Kamati ikimkuta na kosa hatastaafu, atafukuzwa, na miaka yake thelathini na minne pale itafungwa kwa barua ya mistari mitano. Nimeumia, sidanganyi. Lakini nikimfikiria yule mzazi wa kitanda cha nne nahisi nimefanya linalopaswa.

Mama, ambaye anaishi nasi, alikuwa ameshasikia kabla sijafika nyumbani.

"Ulimuuliza?"

"Nilimwonyesha sahihi yake, Mama."

"Sikukuuliza ulimwonyesha nini. Ulimuuliza?"

"Haya ni mambo ya kazi."

Akabeba sahani yake akaenda kula chumbani kwake.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Mama ananiamkia kama jirani.

Jumanne, 9 Aprili

Nimehamisha waya wa kuulizana kwenye tundu lake na nimeupitisha njia nyingine, mbali na nyaya nene, usije ukaloweshwa pamoja nazo. Wasaidizi wa stoo wamenishikia ngazi. Wananiita "Mheshimiwa" tangu taarifa ile itoke. Sijui ni heshima au wananikejeli.

Jumatano, 17 Aprili

Saa tano asubuhi maji yalipata tundu jingine darini, nyaya nene zikakatika tena. Safari hii swichi ya dirishani iliuliza, ikajibiwa, ikafunga matundu yake yote na kunyamaza. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Hospitali nzima hakuna aliyejua. Mkunga nilikutana naye kwenye korido akanipungia mkono tu, ana haraka zake za kawaida.

Nilikuwa nimefurahi hivi kwamba niligeuka kumwambia Mjomba, "Umeona?" Kigoda chake kiko pale, koti lake la mvua limening'inia. Nikakasirika, sijui kwa nini.

Ijumaa, 19 Aprili

Mkurugenzi amenipongeza mbele ya wakuu wa vitengo. Nimepigiwa makofi. Sikula mchana.

Jumamosi, 27 Aprili

Mama amekwenda kwa Mjomba na pasi yake ya nguo iliyoharibika. Amerudi bila pasi na bila maneno.

Jumapili, 5 Mei

Mvua zinaelekea kuisha. Kesho binti anakabidhi shajara yake, akaniomba nimsikilize akiisoma asije akaaibika mbele ya wenzake. Mimi natia sare viraka, Mama anachambua mchele, yeye kasimama katikati ya sebule kama mtangazaji.

Alisoma habari za paka. Alisoma habari za rafiki yake aliyehama dawati. Kisha akasoma hii, nimeinakili neno kwa neno kutoka kwake:

"Jumatano tarehe sita. Leo nilikuwa mti. Mama alichelewa, akaja ana rangi nyeupe kwenye nywele. Alisema samahani mwanangu, Babu yuko kwa daktari wa jino, nimefanya nyaya zote peke yangu, zangu na zake. Mti hauruhusiwi kucheka lakini nilicheka."

Sindano ilinichoma kidole. "Rudia," nikamwambia.

"Nimekosea?"

"Hujakosea. Rudia hapo pa Babu."

Akarudia. Mama aliacha mchele. Binti akawa anatutazama mmoja baada ya mwingine, anadhani ameharibu.

Nilikwenda chumbani, nikaitoa shajara hii chini ya mashuka. Tarehe sita. Peke yangu, Mjomba yuko kwa daktari wa meno. Mwandiko wangu. Tarehe saba, nimemwomba ajaze daftari, shavu limevimba, hawezi kuongea. Mwandiko wangu. Mpaka na mzaha nimetia hapo.

Nimekaa sakafuni. Ninaikumbuka ile siku ambayo Mjomba alimalizia kabati la dirishani. Naiona! Namwona ameinama, namwona na koleo lake mdomoni. Na haikutokea. Nimeitunga mwenyewe, nikaiamini, nikaiandikia taarifa, nikapigiwa makofi. Ni mimi niliyechomeka waya ule kwenye televisheni nikikimbilia mchezo wa shule. Ni mimi niliyetazama taa. Yule mama wa kitanda cha nne ni mzigo wangu.

Na Mjomba alijua tangu siku niliyomgeuzia daftari. Kwa nini alinyamaza?

Jumatatu, 6 Mei

Sikwenda kazini kwanza. Nilikwenda kwake.

Nilimkuta barazani, pasi ya Mama imefunguliwa mapajani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

Hakuniambia niketi. Nilimpa shajara imefunguliwa tarehe sita. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma. Akageuza ukurasa, akasoma tarehe saba. Kisha, Mungu wangu, akageuza mpaka tarehe ishirini na tisa, akasoma pale nilipoandika kwamba mtu asiye na kosa hanyamazi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui," akasema.

"Nilikuwa sijui, Mjomba. Naapa. Nilikuwa nakumbuka vingine kabisa."

Aliivua miwani.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. "Wiki tano nimekaa hapa nikijua kwamba mtoto niliyemfundisha kushika koleo amenitupa mchana kweupe, na anajua anachofanya. Nilimwambia mama yako, huyu ananitoa mimi ili yeye abaki safi. Sikulala. Nikasema potelea mbali, heri nifukuzwe kuliko kusimama mbele ya kamati nikamwita mtoto wa dada yangu mwongo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Sikujiandaa kwamba yeye naye ameishi wiki tano na mimi mwingine, mbaya kuliko mimi huyu, na ananilinda vilevile.

"Kwa nini hukusema? Neno moja tu!"

"Nilikuuliza kama una swali jingine. Ukasema huna."

Nililia pale barazani, watu wanapita. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie, akafunga parafujo tatu za pasi, ndipo akasema, "Na mimi nina langu. Niliandika umejaribiwa, na sikuuvuta. Nilikuamini, na jino lilikuwa linaniua, lakini jino si sababu. Hilo utaliandika pia. Usinisafishe zaidi ya nilivyo."

"Nitaandika."

"Na mpelekee mama yako pasi yake."

Jumanne, 7 Mei

Niliweka shajara mbele ya Mkurugenzi, na ya binti pembeni, nimeiazima kwa mwalimu kwa saa mbili. Alisoma. Alipofika kwenye mti alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka.

"Unajua kwamba ungenyamaza, kamati ingekaa wiki mbili zijazo na jambo hili lingeisha?"

"Najua."

"Na ile amri ya kuizima ya dirishani, Mjomba wako aliitoa mapema? Hapa umeandika dakika ishirini na tano. Kwenye taarifa yako hazimo."

"Hazimo."

Akazifunga shajara zote mbili. Nimevuliwa ukuu wa kitengo. Mkuu mpya atakuja Julai, nami nina barua ya onyo. Mjomba amerudishwa kazini kuanzia kesho, naye ana onyo lake la mdomo kwa sahihi ile. Kamati haitakaa. Nilipotoka nilijihisi mwepesi na mgonjwa kwa wakati mmoja.

Jumatano, 8 Mei

Mjomba amekuja. Ametungua koti lake la mvua lililokaa pale siku zote hizo, akalikung'uta, akalitundika tena. "Shikamoo." "Marahaba." Basi. Tumefanya kazi kutwa bila neno lisilo la kazi.

Jumanne, 14 Mei

Mama wa kitanda cha nne ameleta mtoto kupimwa uzito. Mkunga alinionyesha. Yule mama alikuwa ameketi mbele ya televisheni. Nilimwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Alinisikiliza, akamhamisha mtoto bega la pili, akasema hayo ya nyaya hayaelewi, lakini kama ni kweli, basi nimtazame mtoto vizuri. Nikamtazama vizuri. Ana kucha ndogo mno.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Nguo zimekauka zote. Mama amekula nasi mezani.

Jumapili, 26 Mei

Mwalimu alishasema kwamba wazazi tunaweza kuacha kuandika. Binti kashangaa kuona bado naandika.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho ya Mjomba. Amekataa sherehe. Amesema anataka kitu kimoja: jaribio kamili, la kukata nyaya nene kweli, mchana, kila wodi ikiwa imearifiwa na karatasi za kuandikia oda tayari mkononi. Mkurugenzi alikubali, akaja mwenyewe kusimama mlangoni. Mkunga naye alikuja, viatu vyeupe, mikono kiunoni.

Kwanza kuvuta. Mjomba alikwenda kabati la dirishani, mimi nikabaki la mlangoni, milango ya makabati iko wazi kwa hiyo hatuonani. Nikaushika ule waya wa buluu kati ya vidole viwili.

"Vuta!" nikasema.

Nikasikia anakohoa. Nikangoja. Nilikuwa na la kumwambia tangu tarehe nane, na nikajua nisipolisema hapo sitalisema.

"Mjomba, umenisamehe?"

Mkurugenzi alitazama sakafu. Nikaanza kuona aibu kwa kuuliza mbele za watu. Halafu waya ukavutwa vidoleni mwangu. Mara moja, ukatulia. Kisha ukavutwa tena, kwa nguvu, karibu unitoke.

"Nimeusikia," nikasema.

"Basi kata nyaya, wewe mtoto, watu wana kazi," akajibu kutoka kule.

Nikakata. Ya dirishani ikauliza, ikajibiwa, ikanyamaza. Simu ya mezani kwa mkunga tuliipigia, ikalia. Tukaunga tena, kukawa sawa. Mkunga alisema, "Sasa nimejua nani amepokea," akapanda ngazi kurudi kwa wazazi wake.

Daftarini nimeandika jaribio kwa mkono wangu na kutia sahihi yangu mwenyewe, kwa kalamu ya Mjomba, maana mpaka leo ndiyo inayoandika. Akaichukua na yeye, akainama, akaandika kidogo. Kisha akaitia mfukoni, akavaa koti la mvua juani, akaondoka.

Nilingoja mlango ufungwe ndipo nikasoma. Chini ya sahihi yangu ameandika: "Nimeulizwa. Nimejibu." Na sahihi yake, na mkia wake.